Kifungo cha Adungosi na Mizani ya Mpakani

Tarehe 12 Desemba 1984, Kenya ikiadhimisha miaka 21 ya uhuru, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba amemsamehe Charles Njonjo. Njonjo hakuwa mfungwa. Hakuwa hata amesimama kizimbani. Tume ya majaji watatu, chini ya uenyekiti wa Cecil Miller, ilikuwa imesikiliza kwa miezi mingi madai kwamba mtu huyu, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu tangu uhuru hadi 1980 na baadaye waziri, alikuwa akijitengenezea njia ya kumng'oa rais wake mwenyewe. Tume ilimlaumu kwa mengi. Kisha msamaha ukatoka, naye akaendelea na maisha yake, akafa Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 101.

Sikukuu hiyohiyo ilimkuta kijana wa Kiteso kutoka wilaya ya Busia akiwa katika mwaka wa tatu wa kifungo cha miaka 10. Jina lake Titus Adungosi, wenzake walimwita Tito. Alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoundwa mwaka 1982. Agosti 1 mwaka huo, Jumapili, askari wa Jeshi la Anga waliteka kituo cha redio cha Voice of Kenya na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wanafunzi walimiminika barabarani kushangilia. Kabla jua halijatua mapinduzi yalikuwa yamezimwa. Septemba, Adungosi alihukumiwa kwa kosa la uchochezi.

Katika shauri la Njonjo lilizungumzwa jambo la silaha. Jamaa yake, Andrew Muthemba, alikuwa ameshtakiwa kwa uhaini mwaka 1981, akidaiwa kuwashawishi askari wa Jeshi la Anga wampatie silaha, na mahakama ikamwachilia huru. Katika shauri la Adungosi kulikuwa na umati, miguu na sauti. Mwenye kusikia mambo haya mawili kwa mara ya kwanza angedhani msamaha ulikwenda kwa mwanafunzi na miaka 10 kwa waziri.

Kuna kisingizio ambacho watetezi wa enzi ile hukitoa mapema, nacho si cha kupuuzwa. Wanasema nchi ilikuwa imetoka kumwaga damu, maduka ya Nairobi yameporwa, watu wameuawa, na serikali yoyote ingetumia mkono mzito. Haya. Lakini mkono huo haukuwa mzito kwa kila mtu. Wanafunzi wengine waliokamatwa pamoja na Adungosi, zaidi ya 60, walikaa rumande hadi Februari 1983, ndipo serikali ikafuta mashtaka dhidi ya wengi wao kwa mpigo mmoja. Ushahidi haukuwa umebadilika kati ya Septemba na Februari. Kilichobadilika ni mapenzi ya Ikulu. Aliyehukumiwa haraka aliangukia miaka 10; aliyecheleweshwa akarudi kwao.

Ili kumwelewa Adungosi ni vizuri kutazama alikotoka, Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Hadi tarehe 31 Machi 1902 eneo lote hili lilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Mkoa wa mashariki wa himaya hiyo ulifika hadi Naivasha. Kesho yake, kwa uamuzi uliofanywa London, likahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wateso wakajikuta wamegawanyika: Amukura na Amagoro huku, Tororo kule. Wasamia wakabaki pande zote mbili za Mto Sio. Jopadhola wa Budama Magharibi, kutoka Nagongera hadi Sop Sop, wakabaki Uganda, na jamaa zao wa lugha ya Kijaluo wakawa raia wa nchi nyingine. Mpaka ukikaa muda mrefu, jamaa huuzoea. Wanauvuka kwa harusi, kwa matanga, kwa gunia la mahindi. Ila mahakama haiuvuki: kesi ya mtu wa Sop Sop husikilizwa Tororo, ya binamu wa jirani yake husikilizwa Busia au Malaba, na kosa lilelile linaweza kuitwa uhaini upande mmoja, upande wa pili likawa habari ya gazeti tu.

Upande wa Tororo ulikuwa na somo lake hata kabla ya uhuru. Januari 1960 wilaya ya Bukedi, ambayo Tororo ilikuwa sehemu yake, ililipuka kwa ajili ya kodi ya kichwa iliyopangwa kwa madaraja kulingana na mali ya mtu. Aliyekadiria mali ni chifu na watu wake. Aliyekusanya ni chifu. Aliyeshindwa kulipa alifungwa. Chifu mwenyewe hakuchaguliwa na waliolipa. Umati ulivamia nyumba za machifu na ofisi zao, ukachoma. Polisi wa Gavana Frederick Crawford wakafyatua risasi, watu wakafa. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya uchunguzi mwaka huohuo, na malalamiko kuhusu namna kodi ilivyokadiriwa yalikuwa katikati ya uchunguzi wake. Huo ndio mtindo wa kikoloni tuliorithi, na sidhani tumewahi kuuacha: anayerusha jiwe hupelekwa kwa hakimu, aliyemfanya arushe jiwe hupelekewa tume. Kodi yenyewe iliendelea kuwapeleka maskini wa Uganda jela hadi ilipofutwa mwaka 2005.

Nirudi Kenya. Adungosi hakuwa peke yake kwenye orodha ya 1982. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alipewa miaka sita mwezi Oktoba kwa karatasi ya uchochezi iliyosemekana kupatikana kwake. Mwanafunzi Onyango Oloo alipewa miaka mitano kwa maandishi yaliyokuwa bado hayajamalizika. Raila Odinga alishtakiwa kwa uhaini pamoja na Profesa Vincent Otieno na mwandishi wa habari Otieno Mak'Onyango. Mwaka uliofuata mashtaka yakaondolewa, wakawekwa kizuizini, mahali ambapo hakuna hakimu wa kuuliza maswali. Mwaka 1986 zikaja kesi za Mwakenya, vuguvugu la siri lililopinga serikali ya Moi. Watu walipitia vyumba vya mateso vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, kisha wakapelekwa mahakamani saa ambazo makarani wameshafunga ofisi, bila wakili, wakakiri, wakahukumiwa dakika hizohizo. Mwendesha mashtaka aliyejulikana zaidi katika kesi hizo, Bernard Chunga, mwaka 1999 alifanywa Jaji Mkuu.

Adungosi alifia mikononi mwa magereza mwishoni mwa 1988, akiwa ameshatumikia zaidi ya nusu ya kifungo chake, siku za kutoka zikiwa zinahesabika. Yaliyosemwa rasmi kuhusu kifo hicho hayakuwaridhisha waliomjua. Teso ya Busia ilipeleka Nairobi kiongozi wa wanafunzi, ikarudishiwa maiti ya mfungwa.

Miezi 20 hivi baadaye, jina la Busia lilisikika tena nchi nzima, na safari hii mizani ilionekana wazi zaidi.

Mwaka 1990 ulianza kwa mauaji. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa Februari. Mchungaji Lawford Imunde wa kanisa la PCEA aliandika mawazo yake kuhusu hali ya nchi kwenye kalenda yake ya mezani. Hakuyahubiri wala hakuyachapa. Polisi waliikuta kalenda, na mwezi Machi akahukumiwa miaka sita kwa kumiliki maandishi ya uchochezi. Alikuwa amekiri kosa. Baadaye alieleza kwamba alilazimishwa kukiri. Julai, waliodai vyama vingi waliitisha mkutano wa Saba Saba. Viongozi wao, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wamekamatwa siku chache kabla, Raila naye akatiwa ndani tena. Ghasia zilipozuka Nairobi na miji mingine, watu wasiopungua 20 waliuawa, na zaidi ya 1,000 wakapandishwa kizimbani. Hao wengi wao walikuwa watu wa mitaa ya mabanda, makanga, wachuuzi, vijana wasio na wakili wa kuwasemea.

Katikati ya hali hiyo, Peter Okondo, Waziri wa Kazi na mbunge kutoka wilaya ya Busia, alisimama hadharani mwezi Agosti akawaonya maaskofu wawili wa Kianglikana, Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu wa Maseno Kusini. Wakithubutu kukanyaga Busia, alisema, wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Maneno hayo hayakuandikwa kwenye kalenda ya mezani. Yalisemwa na waziri, yakachapishwa na magazeti, nchi nzima ikayasoma.

Muge alikuwa mtu asiyejua kunyamaza. Alijibu kwamba atakwenda, na kwamba damu yake ikimwagika itamwandama Okondo daima. Jumanne tarehe 14 Agosti 1990 alikwenda. Watu wa Busia walimpokea kwa shangwe, akahubiri, akaomba, akaaga. Njiani kurudi Eldoret, karibu na Kipkaren, gari lake liligongana na lori la maziwa. Akafa palepale.

Okondo alijiuzulu uwaziri siku chache baadaye. Hakushtakiwa kwa kutishia kuua wala kwa uchochezi, ingawa sheria ya uchochezi ilikuwa hai na yenye njaa mwaka ule. Mwaka 1995 alichapisha kitabu cha kuifafanua Katiba ya Kenya. Dereva wa lori alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha hovyo, akahukumiwa miaka saba, akafia gerezani kabla ya kuimaliza. Miaka mingi baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, aliyewahi kuwa afisa wa usalama alitoa ushahidi kwamba kulikuwa na mpango wa serikali wa kumuua Muge. Mimi sina namna ya kuupima ushahidi huo, na dereva anayeua barabarani anastahili kujibu mahakamani. Lakini hebu zipange hukumu za 1990 kwa uzito wake: aliyetishia hadharani, hakuna; aliyeandika kwenye kalenda, miaka sita; aliyekuwa kwenye usukani, miaka saba. Wanaosema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, wangepata taabu kuuonyesha msumeno huo Busia.

Mpaka wenyewe, katika miaka hiyo yote, ulikuwa na kazi moja ambayo hakuna serikali iliyoupangia. Ulikuwa mlango wa nyuma.

Februari 1977 Idi Amin alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Oboth-Ofumbi alikuwa mtoto wa Tororo, Japadhola aliyewahi kuandika kitabu kuhusu historia ya watu wake, na alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Amin mwenyewe. Kabla ya kuuawa, washukiwa walionyeshwa mbele ya umati wa askari Kampala, silaha zikiwa zimetandazwa, na askari wakapaza sauti wauawe. Ndiyo kesi iliyosikilizwa, nyingine haikuwepo. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Waganda wengi waliokimbia baada ya hapo walipitia Busia na Malaba, wakafika Nairobi, wakafundisha kwenye shule za Kenya, na Machi 1979 wapiganaji waliojikusanya Kenya waliishambulia Tororo.

Baada ya 1982 mkondo uligeuka. Sasa waliokimbia walikuwa Wakenya, na Yoweri Museveni alipoingia Kampala Januari 1986, Moi alianza kuishuku Uganda kuwa inawalea wapinzani wake. Uhasama ulifika mahali ambapo Desemba 1987 majeshi ya nchi hizo mbili yalirushiana risasi hapohapo Busia na mpaka ukafungwa. Wafanyabiashara waliumia. Mkimbizi wa kisiasa, kwa upande wake, alinufaika: marais wawili wasiosalimiana hawakabidhiani watu. Raila alipotoroka mwaka 1991 alivuka Ziwa Victoria akiwa amevaa kama padri, akatua Uganda, na kutoka hapo akaenda Norway.

Mlango huo haukuwa salama siku zote, na ni haki kusema hivyo. Mpinzani wa Moi, Koigi wa Wamwere, alipofunguliwa kesi ya uhaini Oktoba 1990, serikali ilisema imemkamata Nairobi. Yeye alisema alitekwa Kampala. Norway, iliyokuwa imempa hifadhi, ilipolalamika, Kenya ikavunja uhusiano nayo. Kesi ikasogezwa hadi Januari 1993, uchaguzi wa vyama vingi umeshapita, ndipo ikaondolewa. Hata hivyo Kenya ilijisikia inalazimika kudai kwamba kukamatwa kulifanyika ndani ya ardhi yake. Aibu ya kuvuka mpaka kinyume cha sheria ilikuwa bado ipo.

Kwa Uganda, mizani ilikuja kuonekana kwenye lango la mahakama yenyewe. Tarehe 16 Novemba 2005 Mahakama Kuu Kampala ilikuwa ikitoa dhamana kwa washtakiwa wa uhaini waliounganishwa na Kizza Besigye, mgombea urais. Watu wenye bunduki na fulana nyeusi, ambao umma uliwapa jina la Black Mamba, waliizingira mahakama ili wawakamate tena wakitoka. Washtakiwa wakaona heri warudi rumande kuliko kutoka na dhamana mkononi. Machi 2007 mahakama ikavamiwa tena, kwa sababu zilezile, na mawakili na majaji wakagoma. Agosti 2016, Inspekta Jenerali wa polisi Kale Kayihura alipotakiwa kujibu mashtaka Makindye kuhusu kupigwa kwa wafuasi wa Besigye, umati uliokuwa upande wake, waendesha boda boda wakiwa mstari wa mbele, ulijaza barabara ya kwenda mahakamani ukiwatukana mawakili, polisi wakitazama. Huo nao ulikuwa mkusanyiko bila kibali. Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya 2013, ambayo wapinzani waliijua kwa mabomu ya machozi, siku hiyo ilikuwa likizo.

Kisha Novemba 2020. Robert Kyagulanyi, anayejulikana kwa jina la Bobi Wine, alikamatwa akifanya kampeni ya urais Luuka, mashariki mwa nchi, na kwa siku mbili Waganda wasiopungua 54 waliuawa, wengi kwa risasi za askari. Museveni mwenyewe alikiri kwamba baadhi ya waliokufa hawakuwa waandamanaji, akaahidi fidia. Wafuasi wa NUP, chama cha Kyagulanyi, walikamatwa katika msimu ule wa uchaguzi, wakapelekwa mahakama ya kijeshi wakidaiwa kuwa na vilipuzi. Walikaa rumande karibu miaka minne. Oktoba 2024, 16 kati yao walikiri kosa. Wakahukumiwa miaka mitano, wakapunguziwa siku walizokwisha kukaa ndani, ikabaki miezi mitatu na siku kadhaa. Novemba Museveni akawasamehe.

Hesabu hiyo inafundisha kuliko hotuba. Adhabu yao halisi ilikuwa rumande, na ilitolewa bila hukumu. Kukiri kulikuwa nauli ya kutokea mlangoni. Msamaha ukamfanya aliyewaweka ndani aonekane ndiye mwenye huruma. Njonjo alisamehewa bila kukiri na bila kulala jela hata usiku mmoja. Vijana wa NUP walisamehewa baada ya kulipa karibu kila kitu. Neno ni moja, bei ni tofauti kabisa.

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda, ikiongozwa na Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, iliamua katika kesi iliyofunguliwa na aliyekuwa mbunge Michael Kabaziguruka kwamba kuwashtaki raia mbele ya mahakama za kijeshi, kwa jinsi zilivyokuwa zimeundwa, ni kinyume cha katiba. Mei mwaka huohuo muswada wa kuzirudishia mahakama hizo mamlaka juu ya raia ulifikishwa bungeni na Waziri wa Ulinzi, Jacob Oboth Oboth, wakili kwa taaluma na mbunge kutoka Budama Magharibi, eneo hilohilo la Sop Sop. Tarehe 20 Mei ukapita. Juni rais akautia saini. Wapiga kura wa Budama, ambao babu zao walijua maana ya mtu mmoja kuwa mkadiriaji, mkusanyaji na mfungaji, walikuwa na haki ya kumuuliza mbunge wao maswali machache.

Kenya nayo ilikuwa imepata msamiati mpya. Sheria ya uchochezi ilifutwa mwaka 1997. Juni 2024 vijana walipoingia bungeni Nairobi wakipinga Muswada wa Fedha, na mwaka uliofuata walipokumbuka siku hiyo na Saba Saba, waendesha mashtaka walifungua faili la ugaidi. Makumi ya vijana walipelekwa mahakama ya Kahawa, iliyojengwa kwa ajili ya kesi za kigaidi. Mwanaharakati Boniface Mwangi alishtakiwa huko Julai 2025 kwa kupatikana na risasi ya bandia na makopo ya mabomu ya machozi. Nikumbushe kwamba tarehe 27 Machi 2023, mchana kweupe, genge lilivamia shamba la familia ya Kenyatta la Northlands, likakata miti na kuondoka na kondoo kwa mamia, kamera zikirekodi. Hao hakuna aliyewaita magaidi. Rais mstaafu Uhuru Kenyatta alikuwa ameegemea upinzani wakati huo, na nadhani hiyo ndiyo sehemu kubwa ya maelezo.

Tarehe 23 Julai 2024, siku ambayo vijana wa Kampala walijaribu kuandamana hadi bungeni kupinga ufisadi na wakakamatwa kwa kosa dogo la kuleta kero, polisi wa Kenya waliwakamata wanachama 36 wa chama cha FDC cha Uganda waliokuwa Kisumu kwa mafunzo. Sheria ya Kenya inataka mtu asikabidhiwe nchi nyingine kabla hakimu hajaangalia hati. Hakuna hakimu wa Kisumu wala wa Busia aliyeulizwa. Walisafirishwa hadi Uganda, na Julai 29 wakashtakiwa Kampala kwa kutoa na kupokea mafunzo ya ugaidi. Dhamana waliipata Oktoba. Tarehe 16 Novemba Besigye alikuja Nairobi kwenye uzinduzi wa kitabu cha mwanasiasa Martha Karua, akatekwa, na siku nne baadaye akatokea mahakama ya kijeshi Makindye. Serikali ya Kenya ilisema haikuhusika.

Risasi za 1987 Busia zilikuwa zimesahaulika. Februari 2018 Museveni na Uhuru Kenyatta walifungua hapo kituo cha pamoja cha forodha, lori lisimame mara moja tu badala ya mbili. Ni jambo jema kwa mwenye nyanya na samaki. Lakini urafiki wa serikali uliorahisisha njia ya lori umerahisisha pia njia ya mateka, na kijana wa Tororo au wa Amukura anayetafutwa na polisi leo hana upande wa pili wa kukimbilia.

Tarehe 1 Oktoba 2025 Wakenya wawili, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walichukuliwa na watu wenye silaha kwenye kituo cha mafuta Uganda baada ya kuhudhuria kampeni za Kyagulanyi. Mawakili walikwenda Mahakama Kuu ya Kampala kuomba amri waletwe mbele ya jaji. Vyombo vya usalama vilijibu kwamba havina watu hao. Siku ya 38 wakaachiliwa, wakakabidhiwa kwa maofisa wa Kenya mpakani Busia. Siku hiyohiyo Museveni alieleza hadharani kwamba ndiyo, waliwakamata, ni wataalamu wa ghasia, na kwamba waliwekwa kwenye friji kwa siku kadhaa.

Waliopitia Nyayo House waliweza, mwaka 2010, kurudi Mahakama Kuu ya Nairobi na faili zao za zamani mkononi, 21 kati yao wakapewa fidia, kwa sababu hakimu wa 1986, kwa ubaya wake wote, alikuwa ameandika jina, tarehe na idadi ya miaka. Njagi na Oyoo hawakushtakiwa, hawakuhukumiwa, hawakusamehewa. Faili lililopo Kampala ni lile la ombi la mawakili wao, na ndani yake kuna jibu la serikali kwamba hawakuwahi kushikwa.